Moyo Uliopotewa na Mwendo Wake

Somo letu la leo ni la historia, walakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya jinsi watu walivyotambua ugonjwa mmoja wa moyo, na jinsi walivyokuja kujua kwamba ugonjwa huo una watu wake: huwapenda wazee kuliko vijana, na hauwaendei wanaume na wanawake kwa njia moja.

Kabla hatujaanza, fanya hivi. Weka vidole viwili, kile cha shahada na kile cha kati, juu ya kifundo cha mkono wako wa kushoto, upande wa kidole gumba. Bonyeza kidogo tu. Unasikia? Mshipa unagonga, unapumzika, unagonga tena, kama mtu atwangaye peke yake kinuni. Mtu mzima aliyetulia hugongwa na mshipa mara 60 hadi 100 kwa dakika, na nafasi kati ya pigo na pigo ni karibu sawa.

Lakini wako watu ambao mapigo yao hayana mpango. Pigo moja kubwa, mawili madogo, kimya, halafu matatu ya mbio. Ni kama watwangaji watatu katika kinu kimoja wasioelewana zamu. Hapo zamani waganga wa Ulaya waliuita ugonjwa huo wazimu wa moyo. Waliusikia kwa vidole vyao, wakauandika vitabuni, lakini hawakujua unatoka wapi.

Ili tuelewe, yatupasa kwanza tuijue nyumba yenyewe. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Vya juu hupokea damu na kuisukuma chini. Vya chini ni vyenye nguvu, navyo huisukuma damu mapafuni na mwilini kote. Katika chumba cha juu cha kulia kuna mahali padogo panapotoa amri. Kila pigo la moyo huanzia pale, kama kengele ya shule inayowaita watoto wote wajipange mstari. Mahali hapo paligunduliwa katika miaka ya 1906 na 1907 na Waingereza wawili, Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack. Flack alipaona kwanza katika moyo wa fuko, yule mnyama mdogo anayechimba chini ya ardhi. Msidharau vitu vidogo.

Katika ugonjwa wetu wa leo, kengele hiyo haisikiki tena. Vyumba vya juu, badala ya kujikaza kwa pamoja, hutetema ovyo, mara 350 hata 600 kwa dakika, kila kipande cha nyama kwa shauri lake. Vyumba vya chini hupokea amri nyingi zenye fujo, vikaitika baadhi na kuacha nyingine. Ndiyo sababu mshipa wa mkono hugonga bila mpango. Waganga wa leo huuita fibrilesheni ya atiria. Sisi katika somo hili tutauita mtetemo wa moyo, maana ndivyo ulivyo.

Sasa tusafiri mpaka Burnley, mji wa viwanda vya kufuma nguo kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1879 alifika huko mganga kijana wa Kiskoti aitwaye James Mackenzie. Hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa mganga wa mtaani, wa kuamshwa usiku kwenda kuzalisha na kutibu homa. Katika miaka yake ya mwanzo pale, mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo alikuwa katika uchungu wa kuzaa, naye akafa mikononi mwake. Jambo hilo halikumtoka Mackenzie. Alijiuliza: je, ningejua mapema kwamba moyo huu hautastahimili? Akatafuta vitabuni, asipate jibu. Basi akaazimia kulitafuta mwenyewe, kwa kuwafuata wagonjwa wake mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo penye ubora wake. Mganga wa hospitali kubwa humwona mgonjwa juma moja, akaenda zake. Mackenzie aliishi na watu wake. Aliwaona wakiwa vijana, akawaona wakiwa wazee. Tena alitaka mshipa ujiandike wenyewe. Alimpata fundi saa mmoja wa Padiham, karibu na Burnley, jina lake Shaw, wakatengeneza pamoja chombo kidogo chenye kalamu mbili za wino. Kalamu moja iliandika mapigo ya mkono, nyingine mapigo ya mshipa wa shingo. Mshipa wa shingo ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu unaeleza kazi ya vyumba vya juu vya moyo, na ule wa mkono unaeleza kazi ya vyumba vya chini.

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo mwanamke ambaye mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa umekazana na kuwa mwembamba. Ulikuwa umeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mackenzie alimfuata kwa miaka mingi, na kila mara mchoro wa shingo ulionyesha kilima kidogo, alama ya vyumba vya juu vikijikaza. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1890, mapigo ya mwanamke huyo yakaharibika mpango. Mackenzie alipotazama mchoro, kile kilima hakikuwapo. Kimetoweka kabisa! Akasema vyumba vya juu vimepooza. Alikosea, maana havikupooza, vilikuwa vikitetema. Lakini mnaona jinsi alivyokuwa karibu na ukweli, naye hana chombo ila kalamu na wino.

Neno la mwisho lilihitaji umeme. Katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, alikuwako Bwana Willem Einthoven, mzaliwa wa Semarang katika kisiwa cha Java. Alitengeneza mashine yenye uzi mwembamba sana wa jiwe liitwalo kwatzi, uliopakwa fedha. Umeme mdogo wa moyo ulipopita, uzi ule ulicheza, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, ikahitaji watu watano kuiendesha. Haikuwezekana kuipeleka hospitali. Basi Einthoven akafanya nini? Akavuta waya wa simu kutoka hospitali mpaka chumba chake cha kazi, umbali wa kilomita moja na nusu. Mgonjwa alikaa hospitali na mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi, na moyo wake ukaandikwa kule mbali. Ninyi mnaosikiliza redio hamtashangaa sana, lakini huo ulikuwa mwaka 1905. Katika michoro aliyoitangaza mwaka 1906 umo mchoro wa moyo wenye mtetemo. Einthoven hakuutambua kuwa ndio mtetemo.

Aliyetambua ni Thomas Lewis wa London, mwaka 1909, akiwa na umri wa miaka 27. Wataalamu wawili wa Vienna, Rothberger na Winterberg, nao walifikia jambo lilo hilo mwaka ule ule. Lewis aliona kwamba badala ya kilima kimoja kabla ya kila pigo, mchoro una mawimbi madogo yasiyo na mwisho. Hakuridhika na karatasi tu. Alitafuta farasi mwenye mapigo ya namna hiyo, akapasuliwa kifua, na vyumba vya juu vya moyo wake vikaonekana kwa macho vikitetemeka. Tangu siku hizo wazimu wa moyo ulipata jina na mahali.

Dawa, ajabu yake, ilikuwapo kabla ya jina. Mwaka 1775 mganga William Withering alionyeshwa dawa ya kienyeji ya kutibu uvimbe wa maji mwilini. Ilikuwa siri ya bibi kizee mmoja wa Shropshire. Ilikuwa na majani ya namna ishirini au zaidi, na Withering akatambua kwamba lenye nguvu ni moja, la mmea uitwao dijitalisi. Aliandika kitabu juu yake mwaka 1785. Dawa hiyo hupunguza mbio za vyumba vya chini, na Mackenzie na Lewis ndio walioonyesha kwamba huwafaa hasa watu wenye mtetemo. Jina la bibi yule Withering hakuliandika. Kwa maoni yangu hilo ni pungufu katika kitabu chema.

Sasa tunafika kwenye swali lenyewe. Ugonjwa umejulikana, je, humpata nani?

Mganga mmoja hawezi kujibu, hata angekuwa Mackenzie. Lazima kuhesabu watu wengi, wazima na wagonjwa, kwa miaka mingi. Kazi hiyo ilianza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, Marekani. Watu 5,209, wanaume kwa wanawake, wenye umri wa miaka 30 hadi 62, walikubali kupimwa kila baada ya miaka miwili. Walikuwa watu wa kawaida, karibu wote weupe. Wengi walipimwa hivyo mpaka wakafa, na baadaye watoto wao na wajukuu wao wakaingia katika hesabu.

Jambo la kwanza lililoonekana ni umri. Kati ya watu wa miaka 50 hadi 59, mwenye mtetemo alikuwa kama mmoja katika watu 200. Kati ya watu wa miaka 80 hadi 89, walikuwa karibu 9 katika kila 100. Mwalimu, andika ubaoni: mmoja katika 200, na tisa katika 100. Waulize wanafunzi: imezidi mara ngapi? Wakikujibu mara 18, wamepata.

Kwa nini umri? Moyo hauzeeki kama nguo inayochakaa tu. Kati ya nyuzi za nyama ya vyumba vya juu huota nyuzi nyingine ngumu, za namna ile ile inayofanya kovu. Amri ya umeme ikipita katika nyama laini hukimbia moja kwa moja. Ikikutana na kovu hugawanyika, hupinda, hurudi nyuma, ikazunguka. Pale penye kengele napo chembe hupungua kadiri ya miaka. Tena shinikizo la damu likikaa juu kwa miaka mingi, vyumba vya chini huwa vigumu, na vile vya juu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi mpaka vikatanuka. Chumba kilichotanuka na chenye makovu ni shamba tayari la mtetemo. Basi wazee husema moyo umechoka, na kwa sehemu wasema kweli. Lakini shinikizo la damu si uzee. Hupimwa na hutibiwa, na mzee anayeambiwa nyumbani kwamba ni umri tu, nenda ukapumzike, anadhulumiwa.

Jambo la pili ni habari ya wanaume na wanawake, nalo ni gumu zaidi, kwa hiyo sikilizeni polepole.

Mwaka 1994 wataalamu wa Framingham walitangaza hesabu ya miaka 38. Kati ya watu 4,731 wa umri wa miaka 55 na kuendelea, mtetemo uliwapata wanaume 264 na wanawake 298. Mtu wa haraka atasema: basi wanawake wamezidi. Ngoja kwanza. Waliohesabiwa walikuwa wanaume 2,090 na wanawake 2,641. Tena wanawake waliishi miaka mingi zaidi, na tumekwisha ona kwamba miaka ndiyo ileteleayo ugonjwa. Walipolinganisha mwanamume na mwanamke wa umri mmoja na hali moja, mwanamume alikuwa katika hatari mara moja na nusu kuliko mwanamke.

Kisha, mwaka 2004, wakauliza swali kwa njia nyingine. Chukua mtu wa miaka 40 asiye na ugonjwa. Kabla ya kufa kwake, je, atapatwa? Wakaona kwamba katika wanaume 100 watapatwa 26, na katika wanawake 100 watapatwa 23. Karibu sawasawa! Hesabu zote mbili ni kweli. Katika kila umri mwanamke ana nafuu, lakini anatembea njia ndefu zaidi, na hatari imejaa mwisho wa njia. Ndiyo maana katika chumba cha wagonjwa wazee sana utakuta akina bibi wengi wenye mtetemo.

Na hiyo nafuu ya mwanamke yatoka wapi? Kwa muda mrefu watu walidhani jibu lote limo katika damu na homoni za kike. Lakini sehemu moja ya jibu yaelekea ni ya mwili tu. Mtu mrefu ana moyo mkubwa, na chumba kikubwa kina nafasi zaidi ya mawimbi yale kuzunguka, na wanaume kwa kawaida ni warefu kuliko wanawake. Mwaka 2022 huko Marekani walichunguza watu zaidi ya 25,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Walipowalinganisha wanaume na wanawake wa urefu mmoja, ile nafuu ya wanawake haikuonekana tena. Kinyume chake, hatari yao ilizidi. Mimi ni mtu wa elimu, si mganga, lakini hesabu hiyo ilinifunza kwamba neno "mwanamke" katika jedwali laweza kuficha neno "mfupi".

Tena ugonjwa ukishaingia, haumhurumii mwanamke. Kwa kawaida wanawake huishi kuliko wanaume. Framingham ilionyesha mwaka 1998 kwamba mtetemo huwapokonya sehemu kubwa ya faida hiyo. Hatari ya kufa iliongezeka mara moja na nusu kwa wanaume, lakini kwa wanawake karibu mara mbili.

Hatari kubwa ni kiharusi. Damu katika chumba kinachotetema haiendi vizuri. Hukaa, na damu ikaayo hugandamana. Donge likitoka moyoni likapanda kichwani, mtu huanguka, mkono na mguu wa upande mmoja hufa, na maneno humpotea. Mtetemo huongeza hatari ya kiharusi kama mara tano. Dawa ya kuzuia donge iliyotumika kwa miaka mingi ni wafarini. Ilianzia katika shayiri? La, ilianzia katika majani makavu yaliyooza, yaliyoua ng'ombe wa wakulima wa Marekani kwa kuwatoa damu isiyoganda. Ikauzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na tangu 1954 ikapewa watu kwa kipimo kidogo cha kuangaliwa sana.

Nani apewe? Mwaka 2010 waganga wa Ulaya walifuata hesabu ya alama: umri wa miaka 65 alama moja, umri wa miaka 75 alama mbili, na kadhalika kwa presha na kisukari. Kuwa mwanamke kulikuwa alama moja. Mwaka 2024 waliifuta alama ya mwanamke, na alama za umri zikabaki. Watu wamebishana sana juu ya jambo hilo, nami sishangai, kwa maana mmekwisha ona jinsi umri na jinsia zilivyofungamana.

Yote hayo ni ya Marekani na Ulaya. Huku kwetu je?

Mwaka 2012 ilitolewa taarifa ya wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Walipimwa watu 2,232 wa miaka 70 na zaidi. Wenye mtetemo walikuwa 15 tu, yaani hata mmoja katika mia hawakufika. Linganisheni na Framingham. Huenda ni neema. Huenda pia ni kwamba aliyepatwa hakuishi mpaka siku ya kuhesabiwa. Tena mtetemo mwingine huja na kuondoka, na mashine iliyowekwa kifuani mara moja tu haiuoni.

Lakini iko hesabu nyingine, nayo haitafurahisha. Taarifa iliyotolewa miaka michache baadaye iliwaangalia wagonjwa 3,343 wa ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, kutoka nchi 12 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemen. Nusu yao hawakuzidi umri wa miaka 28. Wanawake walikuwa wawili katika kila watatu. Na zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na mtetemo wa moyo.

Angalieni jambo hili. Ugonjwa ambao Massachusetts ni wa wazee, na wanaume zaidi, hapa waweza kumwingia msichana. Kovu ambalo uzee hulileta kwa miaka 80, homa ya koo isiyotibiwa hulileta kwa miaka 20. Ni mwanamke yule yule wa Burnley, wa Mackenzie, aliyekuwa na mlango mwembamba wa moyo. Uingereza sasa ni nadra kumwona. Kwetu yumo katika foleni ya kliniki ya waja wazito. Na kwake yeye hata dawa mpya si bora: mwaka 2022, uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa namna hii ulionyesha kwamba wafarini, ile ya zamani, iliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nayo. Nayo wafarini yataka damu ipimwe mara kwa mara, na ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mwanamke mwenye mlango mbovu wa moyo apatapo mimba, asiache dawa kwa shauri lake wala asiendelee nayo kimya. Aende kwa mganga mapema.

Na mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa, apelekwe zahanati. Penisilini ipo.

Mwalimu, sasa wape watu dakika kumi. Wakae wawili wawili, kila mmoja ashike mkono wa mwenzake, ahesabu mapigo kwa dakika nzima na kuandika idadi kwenye daftari. Chini yake aandike neno moja: "sawa" au "ovyo". Aliyeandikiwa "ovyo" apumzike, apimwe tena na mtu mwingine. Likibaki lile lile, aende hospitali juma hili akapimwe kwa mashine, awe mzee au kijana, mwanamume au mwanamke. Leo jioni, ukifika nyumbani, shika mkono wa mama yako na wa baba yako, uhesabu vivyo hivyo.